Safari ya Kumlilia Mbaruku Aliye Hai

Tangu nirudi kutoka pwani sijapata kwenda sokoni nikarudi bila kusimamishwa njiani. Mtu ananishika mkono, anainamisha kichwa, ananiambia, "Mwalimu, pole sana na msiba," na mimi najikuta nacheka mbele yake kama punguani. Wengine wamekwisha kumwambia mke wangu kwamba jua la Tanga limenidhuru kichwa. Basi nimeona heri niandike yote mara moja, rafiki zangu wa hapa Same mpitishiane mkono kwa mkono, na mimi niachwe ninunue nyanya kwa amani.

Niseme mapema, msije mkatoa machozi bure kama nilivyotoa mimi: Mbaruku yu hai. Yu hai na anakula vizuri. Lakini siku niliyoondoka hapa sikuyajua hayo.

Kwa wasiomjua, Mbaruku ni mtu wa Bweni, ng'ambo ya mto ukiwa Pangani. Baada ya vita tulisoma pamoja shule ya sekondari Tanga, tukakaa benchi moja watu watatu: yeye, Petro Hoza ambaye ni Mbondei wa Muheza, na mimi, Mpare niliyeshuka mlimani nikiwa mwembamba hata wakaniita Kijiti. Siku ya kuagana tuligawana dunia. Hoza angekuwa daktari mkubwa, Mbaruku nahodha wa meli, na mimi hakimu. Kisha kila mtu akashika njia yake, na miaka minane ikapita hatujaonana.

Likizo hii nilikuwa sokoni nanunua papa mkavu kwa mfanyabiashara mmoja anayetoka Pangani. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, "Mbaruku wa Bweni hajambo?"

Akaacha kufunga samaki. "Hukusikia? Mbaruku tumemzika juzi."

"Mbaruku yupi?"

"Bweni kuna Mbaruku wangapi, bwana?"

Nilikwenda nyumbani, nikatia maharage na tangawizi katika mfuko ili nisiende msibani mikono mitupu, na asubuhi nikawa stesheni.

Same mpaka Mkomazi

Katika behewa la daraja la tatu nilikaa karibu na mama mmoja wa Kibondei aliyekuwa ametoka Moshi kumtazama bintiye aliyejifungua. Alikuwa na kapu la viazi vitamu na jogoo aliyefungwa miguu, jogoo mwenye tabia ya kuwika kila treni ilipopiga honi, kana kwamba wanashindana. Mimi niligeukia dirishani nikawa nalia taratibu, nikidhani hakuna anayeniona.

Mkomazi tukasimama. Injini ikakatwa ikaenda kuvuta mabehewa ya mkonge yaliyokwama huko mbele, nasi tukaachwa juani na mabehewa yetu yasiyo kichwa. Watu wakashuka, wakakaa kwenye kivuli cha treni. Yule mama akanisogezea kiazi.

"Kula, mwanangu. Machozi ya njaa hayaendi mbali. Nani aliyekufa?"

"Rafiki yangu, mama. Tumesoma pamoja."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafungua kinywa nimwambie kwamba alikuwa mwema na mpole, kama tunavyosema wote. Lakini kilichotoka ni habari ya bahari.

Nilipofika Tanga mara ya kwanza sikuwa nimeiona bahari maishani. Jioni niliiona, nikaiogopa, nikaipenda. Asubuhi nikashuka ufukweni peke yangu nikakuta haipo. Maji yamekwenda mbali kabisa, limebaki tope na kaa wanakimbia. Nikarudi mbio bwenini nikipiga kelele kwamba bahari imeondoka. Mbaruku alinisikiliza kwa makini sana. Hakucheka hata kidogo. Akachukua kamba, akanipeleka ufukweni, akafunga ncha moja kwenye mti wa mkoko na nyingine akanipa mimi. Akasema, "Vuta. Kila mgeni huvuta zamu moja. Usipovuta, hairudi, na wavuvi watakuuliza." Nikavuta. Nikavuta mpaka viganja vikawaka, na kweli, jamani, bahari ikarudi! Ikanijia polepole mpaka miguuni. Mbaruku akanipiga bega akasema, "Umejitahidi. Mpare wa mwaka jana aliivuta ikaja nusu."

Yule mama alicheka hata kiazi kikamponyoka. "Yesu wangu! Na wewe ulisadiki?"

"Nilisadiki muhula mzima, mama. Nilikuwa nawaringia wenzangu."

Akasimama, akawaita abiria wa upande wa pili. "Jamani, njooni mumsikie huyu kijana! Anakwenda msibani, lakini marehemu huyu hafai kuliliwa na mtu mmoja." Nikalazimika kusimulia tena, mara hii nikiwa nimesimama, nikionyesha na jinsi nilivyovuta. Mzee mmoja wa Kisambaa alitaka kujua kamba ilikuwa ya mkonge au ya makumbi. Injini iliporudi tulikuwa tunajipangusa macho wote, na hakuna ambaye angeweza kusema ni machozi ya nini.

Pongwe

Hoza niliambiwa ni dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ndogo ya shamba moja la mkonge karibu na Pongwe. Nilishuka hapo nikafuata njia katikati ya mkonge, mistari mirefu hata kichwa kinazunguka. Nje ya hospitali kulikuwa na foleni ya wakataji mkonge, watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi huko, wengi wamechomwa na miiba mikononi. Sikutaka kuwapita wagonjwa, nikapanga foleni kama wao.

Zamu yangu ikafika. Nyuma ya meza alikaa mtu mnene mwenye koti jeupe, anaandika bila kuinua uso.

"Hoza," nikasema.

"Bwana Dresa," akanisahihisha. "Fungua mdomo."

Kabla sijasema neno la pili alikwisha kunitia kipimajoto chini ya ulimi. Nikajaribu kumwambia kwamba Mbaruku amekufa, ikatoka kama sauti ya mbuzi.

"Usizungumze. Utakivunja, na ni kimoja tu tulicho nacho. Macho mekundu, mwili umekonda. Unakula?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha kidole kifuani pangu, kisha kifuani pake.

"Kifua kinauma," akaandika.

Nilichoka. Nikakitoa kipimajoto nikapiga kelele, "Hoza! Ni mimi, Kijiti!"

Akainua uso. Nilimwona Hoza wa zamani akijitokeza polepole ndani ya ule unene, kama mtu anayechungulia dirishani. Akaruka meza ile, koti na yote, akanikumbatia hata miguu yangu ikaacha ardhi. Foleni nzima ikapiga makofi bila kujua sababu. Alikuwa bado ameniinua nilipomwambia sikioni habari niliyoileta.

Ni lazima niwaeleze kilio cha Hoza. Tangu shule kilio chake huanza kama kicheko, kikapanda juu kwa vipande, kisha kikashuka kwa sauti moja nene inayotetemesha mabati. Alilia pale pale, amesimama, na wakataji mkonge wakavua kofia zao. Kisha akajipangusa kwa pamba ya hospitali, akawafunga vidonda wote waliobaki mmoja mmoja, akaenda kuomba ruhusa.

Makorora

Tulifikia kwa dada yake Hoza aliyeolewa Makorora, mjini Tanga. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na sisi wafiwa tulikaa mkekani tukiwa tumeazimia kula kidogo tu, kwa heshima ya marehemu. Sijui kilichotokea. Sinia ilipokwisha, dada akasimama mlangoni akatutazama.

"Hivi mnakwenda matangani au harusini?"

"Matangani, dada," Hoza akasema, akilamba kidole.

"Basi niongeze?"

"Ongeza kidogo."

Jioni ile tukaulizana tulivyoishi. Hoza alisema udaktari ulihitaji masomo ya mbali, na baba yake alikuwa amekufa, wadogo zake wanahitaji kula. Mimi nilimwambia kwamba hakimu wake sasa anafundisha watoto hesabu chini ya paa linalovuja, na mvua ikinyesha darasa la pili huhamia kwa darasa la tatu. "Tumekuwa watu wadogo, Kijiti," akasema. Hakusema kwa huzuni sana. Nikajua sote tunafikiri jambo moja: labda Mbaruku peke yake ndiye aliyefika.

Barabara ya Pangani

Basi la Pangani lilikuwa na bodi ya mbao na dereva aliyeongea na injini kuliko abiria. Mbele yetu alikaa Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa nazi, mwenye koti juu ya kanzu. Tukamwamkia, tukamwambia tunakwenda Bweni kwa msiba wa Mbaruku.

Akaweka mkono kifuani. "Inna lillahi. Bwana Mbaruku! Mtu kama yule hazaliwi tena. Nyie ni nani wake?"

"Marafiki wa shule," nikasema.

Akatutazama kwa mshangao. "Shule? Alisoma? Kumbe hata hilo alituficha. Mtu yule hakupenda makuu, wallahi."

"Alifariki kwa ugonjwa gani?" Hoza akauliza, kidaktari.

"Siku zake zilifika tu. Ameacha watoto kumi na mmoja."

Hoza alinikamata goti. Nikamwona anahesabu kwa vidole, anaanza upya, vidole vinamwishia.

"Kumi na mmoja?" nikasema. "Kwa mke mmoja?"

"Mmoja gani! Ameoa wanne, ingawa amebaki na Bi Mkubwa peke yake. Na amehiji. Na ile nyumba ya mawe amejenga kwa mikono yake."

"Miaka minane," Hoza akaninong'oneza. "Mimi katika miaka minane nimenunua baiskeli."

Bwana Hamisi alikuwa amekwisha kupata moto. Akatusimulia kwamba Mbaruku alipata kumkamata mamba mtoni kwa mkia. Akatusimulia sauti yake ya adhana, jinsi wa ng'ambo Pangani walivyoamka kwayo. Hapo hata mimi nilisita. Shuleni Mbaruku alitolewa katika waimbaji kwa sababu sauti yake iliwapoteza wengine njia.

"Sauti nzuri?" nikauliza.

"Kama asali."

"Sauti huweza kuja baadaye," Hoza akasema, akiwa na uso wa mtu aliyeyaona mengi hospitalini.

Basi likanasa topeni. Tukashuka tukasukuma, na matairi yakamrushia Hoza tope kutoka kichwani mpaka kwenye suruali yake nyeupe. Alisimama katikati ya barabara, ameenea udongo, akasema kwa uchungu, "Wanne, Kijiti! Na mamba!" Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope lile lile. Bwana Hamisi akatuambia tusijilaumu, majonzi humfanyisha mtu vitu vya ajabu.

Sitawaficha. Chini ya kicheko kile nilikuwa na kitu kinanichoma. Nilimlilia rafiki yangu, na papo hapo nilimwonea wivu. Kama asingekufa, nilijiuliza, ningethubutu kwenda kumwona, mimi na paa langu?

Mtoni

Pangani tulikuta pantoni iko ng'ambo imepumzika, na msimamizi wake anakula. Tulimwona kabisa, anatafuna taratibu, na kila tulipompungia mkono naye alitupungia. Tukakaa tukala halua, Hoza akajaribu kuosha suruali, ikawa mbaya zaidi.

Tulipokuwa tunavuka hatimaye, mtu mmoja akatuonyesha nyumba ya msiba, hapo juu tu ya ukingo. Tuliona watu wa kanzu nyeupe wamekaa barazani na moshi wa masufuria nyuma. Hapo ndipo jambo lenyewe liliponiingia. Yule aliyenipa kamba hatakuwapo. Kile kilio cha Hoza kikaanza kama kicheko, vipande vipande, kikapanda. Nami sikuweza kujizuia nikaingia. Pantoni ilifika Bweni tunalia sauti mbili, ya juu na ya chini, na mbuzi wa watu waliokuwa ukingoni wakakimbia.

Bweni

Tulipanda mpaka barazani tukilia. Hisani za pwani mnazijua. Wazee waliacha kusoma, wakatupisha, mmoja akasema kwa upole, "Subira, wanangu, subira," lakini Hoza alikuwa hasikii. Akaanguka juu ya mkeka na tope lake lote akaita, "Mbaruku! Mbaruku wee, umetuacha!"

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mtu ameshika dele la kahawa mkono mmoja na vikombe mkono wa pili.

"Labeka," akasema. "Nani ananiita?"

Alikuwa Mbaruku. Masikio yake yale yale yaliyotokeza kama vipini vya sufuria. Mfuko wangu wa maharage ulianguka ukapasuka, maharage yakatapakaa baraza nzima. Hoza akanyamaza katikati ya kilio, akasimama, akaenda mpaka kwa Mbaruku bila neno, akamshika kifundo cha mkono na kuanza kumpima mapigo. Alihesabu mdomo ukichezacheza. Watu wote walimngoja.

"Yu hai," Hoza akanitangazia.

"Hoza?" Mbaruku akasema. "Kijiti? Mmefanya nini nyie? Babu yangu mlimjua wapi?"

"Babu yako?" nikasema.

"Babu yangu, Mbaruku. Mimi nimeitwa jina lake. Ndiye tuliyemzika."

Mzee mmoja aliinuka akamwondolea dele mkononi, maana kahawa ilikuwa inamwagika. Mbaruku akatuvuta mpaka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akatuomba tumweleze taratibu. Tukamweleza. Tulipofika kwenye watoto kumi na mmoja alishika ukuta.

"Na mlisadiki?"

"Bwana Hamisi aliapa," Hoza akasema.

"Ni baba zangu na shangazi zangu! Na wake wanne ni bibi zangu! Mimi hata mmoja sijapata, napima nazi kavu dukani kwa mtu!"

"Na mamba?"

"Mamba ni wa babu. Mimi naogopa hata kenge."

"Na sauti?"

Mbaruku alikuwa ameuma mto. Mnajua ilivyo kucheka mahali pasipofaa kucheka. Upande wa pili wa ukuta watu wanasoma hitima, na sisi watu wazima watatu tumelala chini tumejiziba midomo kwa mikono, na kila mmoja akitulia mwingine anatoa mlio wa puani, tunaanza tena. Hoza alijifunika mkeka. Nilipopata pumzi nikamwambia Mbaruku kwamba tulimwonea wivu kutoka Tanga mpaka hapa, na kwamba nilijiona si kitu.

Akaketi. Akajipangusa macho. "Miaka hii yote," akasema, "nikipita Tanga sikuja kwenu kwa sababu nilijua Hoza ni daktari na wewe ni hakimu. Niliona haya."

Tukatazamana. Hakimu wa paa linalovuja, daktari wa kipimajoto kimoja, nahodha wa nazi kavu. Ndipo tulipocheka kwa sauti kubwa, bila kujiziba tena, na hapo hapo mlango ukagongwa. Alikuwa shangazi yake Mbaruku.

"Bi Mkubwa anawaita. Wote watatu."

Kicheko kilikufa kama taa iliyopulizwa. Bi Mkubwa ndiye mfiwa mwenyewe. Alikuwa ndani katika eda, hatukupaswa kumwona, kwa hiyo tulikalishwa ukumbini mbele ya pazia la chumba chake. Wageni wawili, mmoja ametapakaa tope, wamecheka kama wendawazimu katika nyumba ya marehemu.

"Shikamoo, bibi," tukasema pamoja.

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya kizee lakini imara. "Ndio nyie mliolia pale mtoni?"

"Ndio sisi, bibi."

"Na ndio nyie mnaocheka?"

Mbaruku akajikaza akamweleza bibi yake yote, muuza papa, Bwana Hamisi, na watoto kumi na mmoja.

"Kwa hiyo hamkuwa mnamlilia mume wangu."

Hoza aliinamisha kichwa. "Tuwie radhi, bibi. Hatukumjua."

"Sikilizeni," akasema. "Wanangu wote walikuja. Walikaa, wakaulizana habari za minazi, nani atachukua ipi. Wake wenzangu wa zamani walikuja wakala. Mimi nimekaa humu tangu siku ile najiuliza, jamani, mtu mzima yule, aliyeamsha mji wote kwa sauti yake, aende kimya hivi? Mara leo nikasikia kilio kinatoka mtoni. Kilio cha wanaume. Kikaja kinapanda, kinapanda mpaka mlangoni pangu, kinamwita kwa jina. Nikasema, alhamdulillahi, kumbe alikuwa na watu."

"Bibi, ilikuwa makosa," nikasema.

"Yenu makosa. Mimi kilio nimekwisha kukipokea, na sikirudishi."

Pazia likatikisika kidogo, kama mtu aliye nyuma yake ameegemea ukuta.

"Ulimpima mapigo, wewe mwenye tope?" akauliza.

"Ndiyo, bibi," Hoza akasema.

"Mbele ya wazee wote?"

"Ndiyo, bibi."

Kisha sauti ikatoka, mara hii ikiwa imebanwa kama iliyozibwa kwa kanga. "Ondokeni, ondokeni upesi, mkacheke huko nyuma kwenye masufuria. Mkikaa hapa mtanichekesha, na mimi nina eda."

Tulikuwa hatujafika mlangoni tulipomsikia nyuma ya pazia anacheka.